Sababu ya Kuzima

Kiharusi cha kwanza kilimchukua Baba upande wa kushoto. Cha pili kikarudi kama mwizi aliyekumbuka kitu mlangoni, kikachukua maneno yote, kikachukua na nguvu za upande uliobaki, kikamwachia macho na vidole viwili vya mkono wa kulia.

Aliyeviona vile vidole kwanza ni Kitinda. Nyumba nzima ilimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyekuja mwisho tumboni mwa mama yake, na ingawa sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye kazi yake ya kupiga pasi nguo za watu, jina halikukubali kukua naye. Meza yake ya pasi ilikaa ukumbini, mkabala na mlango wa chumba cha Baba. Ananyoosha kola, anainua macho, anamwona. Anakunja suruali, anainua macho, anamwona. Shule yake iliishia darasa la saba, na mwalimu wake wa mwisho alimwandikia kwamba ni mtulivu na ana jicho. La zaidi hakulipata. Jicho hilo ndilo alilolitegemea.

Kidole cha shahada kilijikunja juu ya shuka, kikaivuta kuelekea ubavuni, kikaiachia. Kisha kikagonga mara mbili, upesi upesi. Kikapumzika. Baada ya kitambo kikaanza tena. Vuta, achia, gonga gonga.

"Mama, Baba anafanya kitu."

"Mishipa hiyo, mwanangu. Hata kuku akishachinjwa anarukaruka." Mama alisema hivyo, kisha akaujutia mdomo wake, akaenda kulia jikoni.

Mama hakuweza kuona vitu vidogo. Mtoto wa jicho alimtanda macho yote mawili, akawa anamjua mtu kwa kikohozi na sahani kwa mlio wake. Lakini kumwogesha mumewe hakumwachia mtu. Kila asubuhi Kitinda alileta beseni la maji ya uvuguvugu mpaka mlangoni, na akalipokea hapo hapo mlangoni, maji yamekuwa ya kijivu. Siku moja alijaribu: "Mama, niache nikusaidie."

"Unisaidie nini? Baba yako huyo. Amekufichia aibu zako tangu unatambaa, na wewe mfichie zake. Siku nikifa utamwogesha." Mlango ukafungwa.

Kwa hiyo, katika mwili mzima wa baba yake, Kitinda aliruhusiwa uso, mikono na nyayo. Vilivyobaki vilikuwa chini ya shuka, na chini ya shuka palikuwa pa Mama, kwa kupapasa.

Mtaalamu wa mazoezi alikuja kutoka kliniki, pande la mtu mwenye sauti ndogo. Akamwekea Baba mpira laini kiganjani ili aubane. Baba akauachia, akautazama ukibingirika chini ya kitanda kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akipita.

"Mkono wa namna hii haufuati amri," mtaalamu akasema. "Unafuata hamu. Mtafutieni kitu alichokipenda yeye mwenyewe. Mkono ukiamka miezi hii ya mwanzo, huenda na ulimi ukaufuata. Ukilala sasa, msiutarajie tena." Akiwa mlangoni akaongeza, kama mtu anayekumbusha geti lifungwe, "Na mumgeuze. Asilalie upande mmoja muda mrefu."

"Hiyo niachieni mimi," akasema Kaka. Kaka alikuwa dereva wa gari la kusambaza maji, mikono yake ilizoea mizigo. Alimgeuza Baba asubuhi kabla ya kutoka na jioni akirudi, na katikati ya hapo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumgeuza.

Kitinda alirudi kwenye pasi yake na neno moja kichwani. Hamu. Baba alipenda nini? Hakuwa mtu wa mpira, hakuwa mtu wa redio. Alikuwa mtunza stoo katika ghala la vipuri vya magari, na maisha yake yote aliyamalizia hapo, nyuma ya kaunta yenye harufu ya mpira na grisi. Kitinda akiwa mdogo ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Alikumbuka kaunta ilivyokuwa ndefu, alikumbuka kiti kirefu, alikumbuka Baba akimpakata mbele ya kompyuta ya kaunta saa wateja wamepungua...

Akainua macho. Kidole kilivuta shuka, kikaiachia, kikagonga gonga.

Pasi ikabaki juu ya shati la mtu. Ilipoanza kutoa moshi ndipo alipoinyakua, na hata hivyo hakuliangalia shati. "Mama! Mama, njoo! Baba anacheza karata!"

Zilikuwa karata za kwenye kompyuta, za mtu mmoja kucheza peke yake. Unaivuta karata kwa kipanya, unaiachia juu ya nyingine. Ikiwa tayari kupanda juu kabisa, unaigonga mara mbili, inaruka yenyewe. Nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. "Usikimbilie, Kitinda," Baba alikuwa akimwambia, mkono wake mkubwa umeufunika mdogo. "Angalia kwanza. Anayeangalia ndiye anayeshinda."

Mama alisimama kizingitini, mkono kifuani. Hakukiona kidole, lakini alisikia kucha ikigonga ubao wa kitanda. Akaanza kutabasamu, uso wote ukamrudia ujana.

"Kumbe yupo," akasema. "Kumbe mwenzangu yupo humo ndani, anajichezea."

Kaka alipopata habari alitoa simu yake. "Karata tu? Humu zimejaa tele." Akamshikia Baba simu mbele ya uso, akakiweka kidole cha Baba juu ya kioo. Kidole kilikaa tu kama cha mtu anayepimwa damu.

"Hakijui hicho," akasema Kitinda. "Kinajua kipanya. Na kompyuta si tunayo?"

Walikuwa nayo. Baba alipostaafu, ghala lilikuwa linabadilisha mitambo, wakampa ile ya zamani kama asante ya miaka yake: sanduku jeusi refu kama stuli, na kioo chake na vikorokoro vyake. Tangu lifike lilikaa kwenye kona ya chumba, limefunikwa kitambaa, juu yake chombo cha maua ya plastiki.

Fundi wa kompyuta aliitwa Fundi Skrubu, kwa kuwa akifanya kazi huzibana skrubu midomoni, na maneno yake hutoka pembeni ya mdomo. Alikuja mchana, akaondoa maua, akafunua kitambaa, akapiga mluzi.

"Dada'ngu, hii si kompyuta."

"Ni nini?"

"Ni seva. Nani kawapa? Hii ilikuwa inazihudumia kompyuta nyingine zote za ghala. Inakaa chumba cha ndani peke yake, hailali, haicheki, haina rafiki." Akaiwasha. Ikanguruma kama mashine ya kusaga, Mama akaruka. "Karata humu hazipo."

"Zimefutwa?"

"Hazijawahi kuwepo. Kompyuta ya kawaida ukiinunua unazikuta karata ndani, kama chumvi kwenye meza ya mkahawa. Hii waliamua tangu kiwandani: wewe kazi tu, mambo ya michezo usiyajue."

Kaka alicheka. "Yaani Baba alistaafu, akabeba na meneja wake nyumbani!"

Jina likabaki hapo hapo. Kuanzia siku ile mashine ikawa Meneja.

Fundi Skrubu alijaribu kwanza njia ya mkato, kumwondolea Meneja mfumo wake wa seva na kumwekea wa kawaida wenye michezo yake. Haikuwezekana, ule wa kawaida haukuziona diski za Meneja. "Namwambia lala hapa, ananijibu hakuna kitanda," akaeleza Fundi. Njia iliyobaki ni kuzichukua karata kutoka kwenye kompyuta nyingine na kumpandikizia Meneja jinsi alivyo. "Kesho nakuletea."

Kesho ya fundi haina tarehe. Kitinda alipiga pasi, akainua macho, akapiga pasi. Kidole kilifanya kazi yake, na kwa kadiri siku zilivyokwenda kilivuta kwa nguvu zaidi, mpaka shuka ikajikunja ubavuni kama pazia. Jasho likamtoka Baba juu ya mdomo.

Kitinda alikwenda akakaa kando ya kitanda, akakishika kile kidole. "Nimekuelewa, Baba," akamwambia. "Zinakuja. Subiri kidogo tu."

Baba akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kisha akafumba macho, na kidole kikaendelea ndani ya mkono wake, vuta, gonga gonga, kama kifaranga.

Fundi alipokuja alileta mchezo kwenye flashi. Wote walisimama nyuma yake. Akaubandika, akaubofya. Kikatokea kisanduku chenye msalaba mwekundu na mlio wa kengele.

"Anasemaje?" akauliza Mama.

Fundi alitema skrubu kiganjani ili acheke vizuri. "Aisee, nimefanya jambo. Mchezo ni faili mbili. Moja inajua kucheza, nyingine ina picha za karata. Mimi nimeleta inayojua kucheza. Mchezaji amefika, karata kazisahau nyumbani."

"Fundi wewe," akasema Kaka, "ungekuwa daktari ungempasua mtu ukasahau kumshona."

"Kesho," akasema Fundi Skrubu.

Katika hiyo kesho, Mama alianza kulalamika kwamba shuka la Baba linalowana hata kama hajajisaidia, na lina harufu. Alinunua poda ya watoto, akawa anaimwaga kwa wingi kila baada ya kumwogesha, chumba kikanuka kama chumba cha mzazi. Kitinda alifua yale mashuka. Aliona doa la rangi ya chai, akaliloweka kwenye sabuni, akaendelea. Mtu mgonjwa ana madoa mengi.

Mara ya tatu Fundi alileta faili zote mbili. Meneja akakataa kwa njia mpya: akauliza kama wana uhakika, akauliza kama wanamjua aliyeutengeneza mchezo huo, akauliza kama wana ruhusa. Maswali yote yalikuwa kwa lugha ambayo Kitinda hakuisoma, lakini alikuwa amekaa karibu, na kila Fundi alipobofya aliangalia ni wapi. Fundi akamkubalia kila sharti, akamzimia ulinzi mmoja baada ya mwingine, akijisemea kwa pembe ya mdomo, "Ndiyo bosi. Nimeelewa bosi. Ni juu yangu bosi." Kisha kioo kikawa kijani chote, na karata zikajipanga juu yake, safu kwa safu.

Wote wakasogea karibu na kioo.

Walimtoa Baba kitandani. Kaka alimbeba kwapani, wakamketisha kwenye kiti cha mbao chenye mikono, wakamfunga kwa shuka kifuani asianguke, wakasogeza meza, wakaweka kipanya chini ya vidole vyake. Kitinda alipiga magoti pembeni. "Haya, Baba. Usikimbilie."

Uso wa Baba ulikuwa umekunjamana wote. Kidole kikajikunja juu ya kipanya, kikakivuta kuelekea ubavuni, kikakiachia. Kikagonga mara mbili.

Kwenye kioo, karata nyekundu ikaruka, ikapanda juu.

Mama hakuiona, lakini alisikia Kaka akipiga ukelele, naye akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia dirishani. Fundi Skrubu alipiga makofi. Kaka alimkumbatia Kitinda, akamwinua juu. "Umemrudisha! Kitinda, umemrudisha mzee!" Machozi yalikuwa yanamtiririka Baba mashavuni, yanadondoka kwenye kipanya.

"Anajua," akasema Kaka. "Machozi ya furaha hayo."

Kitinda aliona kitu kimoja ambacho wengine hawakukiona. Macho ya Baba hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa kwake yeye. Akajiambia ni mwanga. Kioo kilikuwa kikali, na Baba alikuwa amekaa gizani siku nyingi.

Kabla ya kuondoka, Fundi alimfundisha kumzima Meneja.

"Huyu hazimwi kama redio. Ukimwambia zima, anakuuliza kwa nini."

"Yeye inamhusu nini?"

"Kule kwake akizimika ofisi nzima inasimama, kwa hiyo sababu lazima iandikwe, anaitunza. Angalia. Kiboksi hiki kikiwa na alama ya vema, maana yake kuzima umekupanga. Ukiiondoa, maana yake hukupanga, mambo yamekuharibikia. Hapa chini unaandika maelezo. Usipoandika, kitufe hiki hakiwaki, mtakesha."

"Niandike nini?"

"Chochote. Mimi huandika a. Hajawahi kusoma."

Ikawa ndiyo maisha ya nyumba. Kaka akiondoka asubuhi alimwacha Baba kitini, amefungwa, mbele ya karata zake, na akirudi jioni alimkuta hapo. Kumgeuza aliacha. "Kukaa si ndiko kugeuzwa kwenyewe?" alisema, na hakuna aliyeona kasoro katika maneno hayo. Kitinda alipiga pasi na kuinua macho. Mchezo ukikwama, alikwenda akaugawa upya. Karata za Baba zilikwenda ovyo, nyingi zilirudi zilikotoka, lakini mara moja moja karata ilipanda, na Kitinda alimtangazia Mama jikoni, "Nyingine!" Mama akajibu kwa kigelegele kifupi. Umeme ukikatika, Meneja akiwaka tena huuliza kwa nini alikufa ghafla. "Akawaulize wenye umeme!" alisema Kaka. Kitinda aliandika a. Jioni kumzima, aliandika a.

Kisha Baba akaanza kukataa uji. Mwili ukawa wa moto. Mama alisema ni baridi ya chumba, Kaka alisema amechoka mazoezi. Asubuhi moja kidole kilikuwa juu ya kipanya na hakikuvuta, kiligonga tu, kidogo kidogo, na macho yalikuwa yamegeuka yakaonyesha weupe. Kaka akambeba mpaka kwenye gari la maji. Hakuna aliyekumbuka kumzima Meneja.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha chuma, chali. Kaka alikwenda kushughulikia karatasi, na Mama aliambiwa asubiri kwenye benchi. Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Akamwita Kitinda kwa kichwa. "Njoo unishikie."

"Mimi ni binti yake."

"Ndiyo maana nakuita. Shika bega, mvute kwako. Nataka nione mgongo."

"Dada, mimi siruhusiwi..."

"Shika bega, mdogo wangu."

Akashika, akavuta. Muuguzi akaifunua shuka.

Mwanzoni Kitinda hakuelewa anachokiona. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokaribia ngozi, hapakuwa na ngozi. Palikuwa na shimo. Poda ya watoto ilikuwa imeganda kandokando yake kama unga kwenye kingo za kinu, na ndani yake palikuwa peusi, na chini zaidi kulikuwa na kitu cheupe, na muuguzi aliposema ni mfupa, alisema kwa sauti ya chini sana.

"Hiki hakikuanza jana," muuguzi akasema. "Amekaa hapa muda mrefu. Mlikuwa mnamkalisha?"

Kitinda aliitikia kwa kichwa.

"Kwenye nini?"

"Kiti cha mbao."

Muuguzi akafumba macho kidogo, akayafungua. "Na hakuwa akionyesha? Hawa wasiosema huwa wanatafuta namna. Wengine wanalia, wengine wanavuta shuka."

Kitinda alitazama mkono wa kulia wa Baba. Ulikuwa umelala kwenye ukingo wa kitanda, na kidole kilikuwa kinaivuta shuka, kidogo mno, kikaiachia. Kikagonga gonga kwenye chuma.

"Tumweke ubavu," akasema muuguzi. Wakamgeuza, wakamwegemeza kwa mto, mfupa ukawa hewani, haugusi kitu.

Kidole kikasimama.

Kikanyooka juu ya shuka, kikatulia. Kitinda alikitazama. Alikitazama mpaka muuguzi alipomaliza kuosha, mpaka alipofunga bandeji, mpaka alipoondoka na kurudi. Hakikuvuta tena. Baba alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, akasinzia.

Hakuamka vizuri tena. Sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia damuni, daktari alieleza hivyo ukumbini, akimweleza Kaka, na Kaka aliitikia kila neno kana kwamba anaelekezwa njia. Mama alikuwa benchi la pili, hakusikia. Baba alifariki kabla wiki haijaisha, akiwa amelala ubavu, mkono umetulia.

Kaka alimshika Kitinda nje ya geti. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama asijue," akasema. "Kuhusu kidonda. Ni yeye aliyekuwa anamwogesha, atajiua huyu. Tuseme homa."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nilikuwa naangalia."

Kaka hakuelewa, au alielewa akaona hana la kufanya nalo. Akafungua mlango wa gari.

Msibani nyumba ilijaa. Wanawake walimkalisha Mama katikati, na Mama, kila alipokuja mgeni mpya, alisimulia upya. "Ameondoka na raha yake. Binti yangu huyu alimrudishia mchezo wake. Kila mtu alisema ni mishipa, yeye peke yake akasema hapana, Baba anacheza. Ana jicho, huyu mtoto. Mpaka siku ya mwisho mwenzangu alikuwa kwenye karata zake." Wanawake walimtafuta Kitinda kwa macho, wakampapasa mgongo alipopita na sinia. Hongera mwanangu. Umemtunza baba yako. Wangapi siku hizi. Fundi Skrubu alikuja amevaa shati jeupe, akalia waziwazi, akasema katika kazi zake zote, hiyo moja ndiyo atakayoikumbuka.

Kitinda alipokea kila neno. Akasema asante. Akaenda kuchemsha maji mengine.

Watu walipotawanyika, alasiri, ndipo aliposikia ule mngurumo. Ulikuwepo siku zote hizo, na vilio vilikuwa vimeufunika. Aliingia chumbani. Umeme, ambao haukosi kukatika, wiki hiyo ulikuwa umekaa. Kwenye kioo karata zilikuwa zile zile za asubuhi ile, safu kwa safu, nyekundu moja ikingoja kuvutwa. Kiti cha mbao kilikuwa mbele yake na shuka la kufungia bado limening'inia. Alikitazama kiti. Kwenye ubao, katikati, palikuwa na duara la rangi ya chai.

Akakisogeza. Alipiga magoti pale pale alipozoea kupiga, akaufunga mchezo, akamwambia Meneja azime.

Meneja akauliza kwa nini.

Kiboksi kilikuwa na alama yake ya vema, ya kwamba umepanga. Akaiondoa. Akaweka vidole kwenye herufi, akazitafuta moja moja, kama anayeokota mchele kwenye mchanga. Akaandika hivi: *Alikuwa anaomba ageuzwe.*

Kitufe kikawaka. Akakaa nacho kikiwa kinawaka.

"Nani yupo humo?" Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, uso ameuelekeza kwenye mngurumo.

"Mimi, Mama. Nazima Meneja."

"Bado anauliza maswali yake?"

"Anauliza kwa nini tunazima."

Mama alifikiri. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa na kitu kama amani. "Mwambie mwenye karata ametosheka kucheza," akasema. "Umeandikaje?"

Asingeweza kusoma. Hata kama Kitinda angekigeuza kioo na kumwekea puani, asingeweza kusoma. Kitinda akaangalia yale maneno yake, akaanza kuyafuta kutoka mwisho, herufi kwa herufi, mpaka pakawa peupe na kitufe kikazima.

"Herufi tu, Mama. Anataka herufi."

Akarudisha alama ya vema. Akaandika a.

Kitufe kikawaka. Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukakoma, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba walisikiana wakihema.

"Ahsante mwanangu," akasema Mama. "Njoo sasa ule kitu. Huna hata nguvu ya kusimama."